Semina ya Jogoo

Zamani, wala si za kale sana kwa kuwa mafuta ya kula yalikuwa yameshapanda bei, palikuwa na soko chini ya mbuyu, njia panda ya kwenda mtoni. Pale Mama Kanga alikuwa na meza ya vitumbua, na hapakuwa na mnyama wa ng'ambo hii wala ile ambaye hakuvijua vitumbua vyake.

Siri yake haikuwa siri. Mchele aliuloweka jioni. Saa tisa usiku, wakati hata Popo wameanza kufikiria kulala, alikuwa ameshaamka anausaga na tui zito, anatia iliki, anaonja kwa ncha ya mdomo kama hamira imeshika. Kikaango chake kilikuwa na vishimo saba. Ukimimina unga kabla mafuta hayajapata moto, kitumbua kinang'ang'ania chini. Moto ukizidi, pembeni kinaungua na katikati kinabaki uji. Mama Kanga alijua kwa kusikiliza. Unga ukigusa mafuta ukalia vile anavyotaka, alihesabu kidogo kisha akakigeuza kwa kijiti, na kilikuwa kimevaa rangi ya asali pande zote. Mteja wake wa kwanza alikuwa mtoto wa Digidigi, ambaye saa kumi na mbili kasoro alisimama mbele ya meza na vijisimbi viwili vya kauri mkononi, akiwahi shule.

Sasa mwaka ule Mama Kanga alianza kuchoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka mzima. Aliangalia bakuli la mchele uliolowa akajiuliza, ya nini? Kikaango alikiosha nusu. Wateja aliwajibu kwa kichwa. Majirani, ambao kazi yao ya pili baada ya biashara ni kupima magonjwa ya wenzao, walikutana wakatoa jibu: Mama Kanga amepoteza hamasa.

Bahati ikawa kama ilivyo bahati ya namna hiyo, wiki ileile matangazo yakabandikwa kwenye mbuyu. Jogoo anakuja.

Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Wahenga hawakuwahi kukutana na kipaza sauti. Jogoo huyu alikuwa ameshawika katika masoko yote ya bonde, na kila alipowika jua lilichomoza, jambo ambalo yeye mwenyewe alilitaja katika utambulisho wake kama ushahidi wa uwezo. Kiingilio kauri 10. Viti vya mbele kauri 50, pamoja na chupa ya maji.

Mama Kanga alikaa nyuma. Nisiseme uongo, Jogoo anajua kusema. Alisimama juu ya kreti, akapiga mbawa mara tatu, akanyamaza mpaka hata Mbu wakanyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Nani amekwambia wewe ni mdogo?" Swala mmoja akaanza kulia. Jogoo akaeleza kwamba adui wa biashara yako ni wewe mwenyewe. Akaeleza habari za Tai, kwamba Tai haruki na kunguru, na watu wakaandika, ingawa hakuna aliyewahi kumwona Tai akiuza hata karanga. Akaeleza alivyoanza maisha na punje moja ya mtama. Hakueleza kwamba wakati huo alikuwa na banda, na mwenye banda alimmwagia mahindi asubuhi na jioni.

Kisha akafika kwenye kiini cha somo. "Amkeni mapema!" alipaza. "Siri ni saa kumi na moja! Waliofanikiwa wote wanaamka saa kumi na moja!"

Hapo Mama Kanga hakusikia, maana alikuwa amesinzia. Ameamka tangu saa tisa.

Alizinduliwa na makofi. Lakini makofi ya wanyama mia mbili si kitu kidogo, na mtu akitoka katikati ya makofi hata mgongo humwacha kidogo. Alitoka akiwa amewaka, kama walivyotoka wote. Na mlangoni kabisa, pale ambapo huwezi kutoka bila kupita, palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na nyuma ya meza Bwana Fisi, amechana manyoya, anatabasamu.

"Umeguswa, mama?"

"Nimeguswa, baba."

"Basi usiuache moto upoe. Kauri 100, sasa hivi, bila maswali. Rejesho kauri 10 kila siku, siku 14 tu. Dhamana kikaango."

Akaweka kidole, akapokea kauri 90, kwa sababu 10 zilikuwa za fomu. Huku kwa wanadamu mkopo wa aina hii huitwa kausha damu, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyowataka wakopeshaji wawe na leseni, haijaumaliza mitaani. Porini jina la mkopeshaji lenyewe lingetosha kumwonya mtu, ila mtu aliyetoka semina hasomi majina. Kwamba kreti ya Jogoo, kipaza sauti chake na chupa za maji vilikodiwa na Bwana Fisi, hilo lilikuja kujulikana baadaye, na aliyelijua kwanza ni Mende, ambaye hakuna anayemsikiliza.

Wiki iliyofuata Mama Kanga alikuwa mtu mwingine. Alinunua mwavuli. Akaandikisha kibao. Badala ya vitumbua 60 akaanza kukaanga 90, akaimba akikaanga, akawaita wapita njia kwa majina. Majirani wakasema, mnaona? Jogoo ni kiboko. Kufikia siku ya tisa kauri zote 90 zilikuwa zimekwisha, rejesho la kesho halijulikani litatoka wapi, na mchele wa jioni ile aliuchukua kwa deni.

Ndipo akaja Kobe.

Kobe alikuwa anauza mkaa. Hakuja kumtia mtu moyo, wala mkaa wake hakuutoa kwa moyo. Alikuja kudai. Alifika jioni, akavua mzigo, akaketi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unadaiwa kauri 60."

Mama Kanga akaanza kueleza. Kwamba moyo wake ulikuwa umezimika, ukawashwa, sasa unazimika tena, labda ahudhurie semina ya pili, ile ya ngazi ya juu.

"Moyo wako mimi siujui," Kobe akasema. "Kitumbua kimoja kinakugharimu kiasi gani?"

Mama Kanga akanyamaza. Alijua hamira kwa harufu, mafuta kwa sauti, wateja kwa nyayo. Hilo hakulijua.

Kobe akakusanya kokoto, kwa mwendo wa pole, kwa kuwa hana mwingine. Sinia la zamani, la vitumbua 60. Mchele, kokoto 45. Nazi 28. Sukari 14. Mafuta 30, hapo Mama Kanga akasema si 30, ni 15, Kobe akamwuliza ameyanunua lini kwa 15, akakumbuka kwamba ni kabla hayajapanda. (Wanaokaanga wote wanaukumbuka mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipokata alizeti na Indonesia ikazuia mawese yake yasitoke kwa wiki kadhaa. Kitumbua cha mtaani kilisikia mambo hayo kabla ya wachumi.) Mkaa 20, Kobe akauweka mwenyewe na kuukandamiza. Hamira na iliki 3. Ushuru wa soko 5. Zikawa kokoto 145.

"Umeuza ngapi?"

"Sitini."

"Nyani mgambo hali?"

"Nyani anaonja vinne. Kila siku. Anasema ni ukaguzi."

Vikabaki 56, kwa kauri mbili mbili, 112. Kobe akazipanga kokoto safu mbili sambamba, moja ikaipita nyingine kwa 33. Wakaziangalia.

"Hizi 33 ulikuwa unazitoa wapi?"

Mama Kanga akajishika shingoni. Kila jioni, tangu mafuta yalipopanda, alikuwa akinyofoa manyoya mawili matatu anawauzia Mnana wanaojenga viota. Hakuwahi kuyaita hasara. Aliita kujazia. Ndiyo sababu kanga, mpaka leo, shingo na kichwa ni tupu.

Kobe akarudia hesabu kwa vitumbua 90, vile vya wiki ya semina. Safu ya hasara ikafika 43, bila rejesho la Fisi. Yaani moto wote ule, kuimba kote kule, vilikuwa vimemwezesha kufilisika kwa kasi zaidi. Hapo ndipo ninapomlaumu Jogoo kuliko kwenye kiingilio chake. Mtu anayepata hasara kwa kila kitumbua akichoka, ule uchovu ndio mfanyakazi wake mwaminifu pekee, unamwambia kuna jambo haliko sawa; Jogoo akaja akamwambia mfanyakazi huyo anyamaze.

Wapo waliomshauri aende kwenye mikopo ya Simba. Sheria ya pori, sawasawa na ya halmashauri za Tanzania, ilitenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Fomu alikuwa ametumwa Konokono. Alikuwa njiani kuzifuata.

Basi akaenda kwa Mchwa. Mchwa wana kikundi, na kikundi chenyewe kinachosha kukitazama. Wanakutana Alhamisi, wananunua hisa, wanaweka kauri kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinalala nyumba tatu tofauti. Hakuna anayepiga mbawa. Ukichelewa, faini kauri 1, na nimeambiwa faini hiyo imeamsha wanyama wengi kuliko Jogoo. Walimkagua, wakamfanya aweke hisa kwa taabu, ndipo wakamkopesha kiasi cha kumfunga Fisi mdomo na kukinusuru kikaango. Mwavuli aliuuza.

Kitumbua akakipandisha hadi kauri 3.

Wiki ile ilikuwa mbaya, na nisiipambe. Waliomwita shoga wakapita upande wa pili wa njia, kwa Sungura, ambaye alikuwa ameanza kuuza vya kauri 2 na kutangaza kwamba wapo wafanyabiashara wenye tamaa. Mama Kanga alirudi na sinia nusu. Usiku alitaka kulala moja kwa moja. Aliamka kwa sababu mtoto wa Digidigi angefika saa kumi na mbili kasoro, na mama yake alikuwa ameshaagiza kwamba ataongeza hiyo kauri moja, na mtoto hali kitu kingine njiani. Sababu ndogo kiasi hicho huwezi kuipandia kreti ukaihubiri.

Vya Sungura vikaanza kupungua ukubwa. Kwanza kidogo, kisha ukawa unavimeza viwili ukidhani ni kimoja. Wateja wakarudi mmoja mmoja, wakijifanya hawakuondoka. Mama Kanga akasimama kwenye vitumbua 50 kwa siku. Nyani alimpunguzia kutoka vinne hadi kimoja. Hakuthubutu zaidi, mgambo ni mgambo. Vilivyobaki 49 vikaleta kauri 147, gharama na ushuru 122, mkononi 25. Jumatatu alifunga, akalala hadi jua likamwingia ndani. Akanunua daftari, akachora mstari katikati, na siku ambazo hakujisikia kabisa aliandika tarakimu hizohizo kwa mwandiko mbaya.

Msimu uliofuata Jogoo akarudi. Alipita mezani mwenyewe, upanga umesimama, na wasaidizi wawili nyuma.

"Mama yangu! Nimesikia habari zako! Wewe ni matunda ya semina yangu. Nataka upande jukwaani utoe ushuhuda."

"Siku gani?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ninalala."

Jogoo akacheka kama aliyesikia mzaha. Basi, akasema, angalau vitumbua vya wageni. Mia na ishirini. Malipo baada ya semina, kwa kuwa wenye maono hawatangulizi pesa mbele.

"Kauri 360," Mama Kanga akasema. "Nusu sasa. Nitavikaanga Jumapili usiku."

Jogoo akamtazama, akatazama daftari lililofunguliwa juu ya meza, akamnong'oneza msaidizi. Msaidizi akaenda mbio, akarudi na mfuko wenye harufu ya Fisi. Mama Kanga akazihesabu mara mbili kwa mdomo, akageuza ukurasa, na chini kidogo ya jina la Nyani akaandika: Jogoo, anadaiwa kauri 180.