Majani ya Baba Neema

Ukitaka kukausha majani ya viungo Nairobi, usianze mwezi wa Julai. Baba Neema, mume wangu, alianza Julai. Jiji hili liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi huo jua hupiga hodi saa nane mchana, likaaga kabla hujalikaribisha. Watu wa Lodwar wangekucheka. Kwetu Kangemi, Julai hata soksi haikauki.

Alivinunua City Market, pale Muindi Mbingu, akitoka kazini: rozmari, nanaa, na dhania ya kutosha harusi. Waiyaki Way ilikuwa imefungana kama kawaida, na ndani ya matatu rozmari ikaanza kazi yake. Saa moja jioni kila mtu ana njaa. Abiria wa kiti cha nyuma akauliza ni nani amebeba mbuzi choma na mbona hakaribishi wenzake.

Nyumba yetu haina nafasi, basi vitita vikapandishwa juu ya paa, kwenye kamba za nguo. Kule kila kamba ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana maneno. Jirani alianika sare ya mwanawe ikagusana na dhania. Kesho yake mtoto akaenda shule akinukia kachumbari. Keateka akaitwa kuamua. Akanusa sare, akanusa dhania, kisha akaomba kidogo ya kutia kwenye maharagwe yake. Kesi ikaishia hapo.

Rozmari haina makuu. Jani lake ni jembamba na gumu, lina maji kidogo, na mafuta yake ya harufu hayatoroki upesi. Ining'inize kivulini penye hewa hadi jani livunjike ukilibana kwa vidole, uitie kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na joto la jiko. Ukiifungia ikiwa na unyevu, itaota ukungu. Nanaa nayo hukubali. Dhania ndiyo mkaidi: ikikauka, harufu karibu yote huenda zake, ukabaki na majani tu.

Majani hayo Baba Neema aliyatia kwenye chupa ya jemu, hakuandika jina, akaiweka karibu na majani chai.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Kisii. Huyu amechuma chai tangu usichana wake. Alfajiri aliamka kabla yetu, akabandika maziwa, akafungua chupa ya kwanza aliyoigusa. Tukaitwa mezani. Vikombe vilijaa kitu cheupe chenye ukijani kwa mbali, vijani vikielea juu. Mama akapiga funda, akakitazama kikombe.

"Mwanangu, majani haya mnauziwa na nani? Wamechuma na magugu."

"Ni ya dukani, Mama," akajibu mwanawe, mzee wa kanisa.

Tukanywa tukamaliza.

Mama mboga alipopata habari, alicheka mpaka akakalia kreti ya nyanya. Ni kweli kuna misimu dhania huadimika, na ile ya kuongezewa bure juu ya sukumawiki imekuwa hadithi. Ukihofia msimu huo, ikatekate, uigandishe kwenye kitrei cha barafu na mafuta kidogo. Ukiitupa kwenye mchuzi bado utaitambua. Ya kesho isimamishe tu kwenye glasi ya maji. Siku nyingine zote mama mboga yuko langoni mpaka saa tatu usiku, na fungu bado anauza shilingi kumi.