Choroko za Yanga, Maharage ya Simba

Watu husema dabi ya Kariakoo ni ya Kariakoo. Sisi wa Temeke hatukubali. Makao ya klabu yako kule, Simba Mtaa wa Msimbazi, Yanga pale Twiga na Jangwani, lakini Uwanja wa Benjamin Mkapa uko kwetu, na wale watu elfu sitini wakipiga kelele, upepo ukiwa mzuri tunawasikia hadi Tandika. Mechi yenyewe ni ya dakika tisini. Ubishi wa nani aanze, nani amkabe nani na nani asiguse mpira kabisa huanza nyumbani kwetu baada ya chai ya asubuhi.

Baba ni Simba tangu timu hiyo ikiitwa Sunderland, kabla haijabadili jina mwaka 1971. Mama alikulia Kariakoo, jirani na Mtaa wa Twiga, na Yanga aliikuta nyumbani kwao kama alivyoikuta dini. Wazee walipokaa kuzungumzia posa waliuliza kila kitu isipokuwa hilo. Watoto tukagawana. Mimi na kaka tukaenda kwa baba, dada akaenda kwa mama, halafu akaolewa na Yanga mwenzake wa Mwananyamala, kule Kinondoni.

Ukwe wa Pwani una adabu yake. Siku za kawaida shemeji akija kwetu hukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, humwamkia baba kwa kuinama, na sauti yake huwa ya chini. Siku ya dabi adabu hiyo hupewa ruhusa. Huingia na jezi ya kijani na njano tangu saa nne asubuhi, na salamu yake ya kwanza ni, "Shikamoo mzee, mmejiandaa kisaikolojia?" Baba humjibu, "Marahaba mkwe wangu, keti ufundishwe mpira."

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 alikuja hivyo hivyo, na baba alikuwa na sababu ya kumpokea kwa kifua mbele. Mwezi Agosti Simba walikuwa wameifunga Yanga kwa penalti kwenye Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, kipa Ally Salim akizipangua tatu. Oktoba walitoka sare mara mbili na Al Ahly, 2-2 hapa Dar es Salaam na 1-1 Cairo. Yanga nao mwezi huo huo walikuwa wamefungwa 2-1 na Ihefu. "Timu iliyofungwa na Ihefu," baba alirudia kila alipopata nafasi, "inataka kuja kwa timu iliyomsimamisha Mwarabu!" Shemeji alikuwa na lake la kujibu: msimu ulipoanza, Yanga ya kocha Miguel Gamondi iliipiga KMC tano, ikaipiga JKT Tanzania tano. "Mzee, hawa sasa wanahesabu kwa mkono mzima."

Kamati ya ufundi ikakaa sebuleni. Kaka alileta sinia kubwa la shughuli, akaligeuza, akachora mistari ya uwanja kwa chaki ya watoto. Wachezaji walipatikana jikoni. Mama alikuwa amekaa na ungo anachambua choroko za jioni, na maharage mekundu yalikuwa kwenye bakuli pembeni. Rangi zikawa zimejipanga zenyewe. Choroko kumi na moja zikawa Yanga, maharage kumi na moja yakawa Simba. Mama alilalamika kwamba wanamharibia mboga, akaambiwa avumilie, ni kwa ajili ya taifa.

Mpango wa baba ulikuwa wa pembeni. Alitaka Kapombe apande kulia na Tshabalala apande kushoto kwa pamoja, Chama akae nyuma ya Baleke, na mpira wote ufike kwa Chama kabla ya kwenda kokote. Aliyasogeza maharage yake mbele kwa kidole kimoja kimoja, kwa upole, na mabeki wawili tu wakabaki nyuma. Shemeji alitaka Yanga wabane tangu filimbi ya kwanza, kwa kuwa alikuwa hajasahau tarehe 16 Aprili mwaka ule, Inonga alipowafunga watu hawajakaa vizuri kwenye viti. Mkakati wake wote ulikuwa mmoja: Aziz Ki. Apewe mpira Aziz Ki. Asipopatikana Aziz Ki, atafutwe Aziz Ki.

Kaka alitaka watu wawili wamgande huyo Aziz Ki hadi basini. Ubishi ukapanda. Baba akatoa tarehe 19 Julai 1977, bao sita kwa sifuri, Abdallah Kibadeni matatu peke yake. Tarehe hiyo hutajwa kwetu kuliko siku ya kuzaliwa ya yeyote kati yetu. Shemeji, ambaye hakuwa amezaliwa, akatafuta msaada jikoni kwa macho.

Mama akatoka na ungo wake. "Mume wangu, na tarehe mosi Juni 1968 je? Tano kwa sifuri. Dilunga mawili, Zimbwe mawili, Kitwana Manara moja." Halafu akainama juu ya sinia, na ninayakumbuka maneno yake kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. "Mmeweka watu wawili kwa Aziz Ki. Huyu Maxi je, nani anaye? Mmemwacha anatembea kama yuko sokoni. Halafu baba, mabeki wako wa pembeni wote wawili wamepanda na viungo wako wametoka kucheza na Waarabu juzi. Kipindi cha kwanza watakimbia. Cha pili hapa katikati patakuwa barabara." Akachukua choroko moja, akaipitisha katikati ya maharage mpaka golini, hakuna lililoizuia.

Baba alisema Maxi Nzengeli ni mkimbiaji tu. Shemeji, Yanga mwenzake, naye akasema, "Mama, Maxi ni wa kusaidia, hafungi mechi kubwa." Mama akarudi jikoni. Aliyekuwa amesikiliza redio ya michezo kila siku ya wiki ile tangu alfajiri, kikosi hadi majeruhi, alikuwa yeye. Sisi tulikuwa na kelele.

Ilipofika saa kumi kasoro, kaka alitaka kuonyesha namna ya kumkaba Aziz Ki, na mkono wake ukaligonga sinia. Wachezaji ishirini na wawili wakatawanyika. Maharage hayana mbio, yalibaki pale pale. Choroko ni duara, zikaingia chini ya kochi kubwa. Mama aliposikia mboga yake imeingia uvunguni alitaka irudi yote, kwa hiyo wanaume watatu wakalibeba kochi na kulivuta mbele. Nyuma yake ulipita waya wa dishi, unaoshuka ukutani kutoka darini. Kochi likauvuta. Juu ya dari kitu kikasema "tap", na runinga ikaandika kwamba hakuna mawimbi.

Hapo ndipo nyumba ilipotulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Fundi alipigiwa, simu ikaita bila majibu. Naye ana timu yake. Shemeji akajitolea. Waya ulikuwa umeungwa mahali fulani darini, na aliamini ameona mafundi wakifanya hivyo mara nyingi. Ngazi ikaazimwa kwa jirani, ikawekwa kwenye korido chini ya kimlango cha dari, baba akaishika. Shemeji akapanda na tochi ya simu mdomoni, akatambaa juu ya kenchi kuelekea upande wa sebule. Tukawa tunamsikia tu: anakohoa vumbi, anamtaja Mungu, anauliza kama picha imerudi. Haikurudi. Saa kumi na moja ikagonga, mechi ikaanza, na mtangazaji wa mechi kwetu akawa ile redio ndogo ya mama jikoni.

Dakika ya tatu Kennedy Musonda akafunga. Mama alipiga kigelegele. Shemeji kule juu, kwenye giza, akafanya ambacho Yanga yeyote angefanya akiwa ardhini. Alisimama. Mguu mmoja ulikuwa kwenye kenchi, wa pili ukakanyaga dari. Ubao ukapasuka katikati ya sebule, na mguu wa mkwe, wenye soksi ya kijani, ukashuka mpaka juu ya goti, ukaning'inia pale ambapo taa inapaswa kuning'inia.

Dada alipiga kelele akidhani mumewe amekufa. Vumbi la miaka mingi likatua juu ya sinia, chaki, maharage na kichwa cha kaka. Sauti ikatoka juu, ya chini kabisa, ile ya siku za kawaida: "Samahani sana, mzee wangu." Adabu ya ukwe ilikuwa imerudi yote kwa mara moja. Baba akaacha ngazi, akaja kuutazama ule mguu, na nadhani alikuwa anatafuta neno la kumpa pole, redio ilipotangaza dakika ya tisa: Kibu Denis amesawazisha. Baba akaushika mguu wa mkwe wake kwa mikono miwili na kuutikisa kwa furaha. "Moja moja, mkwe! Moja moja!" Ilibidi mimi na dada tumtoe baba kwanza, ndipo kaka apande kumvuta shemeji. Alitoka na mchubuko wa paja na fedheha ambayo haikupona upesi kama paja. Wakati huo wali wa nazi ulikuwa jikoni peke yake. Tulikumbuka moshi ulipofika. Watoto walikula ukoko na hawakulalamika.

Wakati wa mapumziko tukafunga mlango, tukaenda wote kutazama mechi kibanda umiza cha mtaa wa tatu. Mama hakuwa amewahi kuingia humo. Vijana walisogea kwenye benchi, wakamwamkia, akakaa mbele na khanga yake, katikati ya Simba watupu.

Kipindi cha pili kilianza, na katikati pakawa barabara. Dakika ya 64, Maxi. Baba hakugeuka kumtazama mama, ila nilimwona akiyapangusa magoti yake. Dakika ya 73, Aziz Ki. Dakika ya 77, Maxi tena. Dakika ya 87 Pacome Zouzoua akapiga penalti, ikawa tano kwa moja. Mimi ni Simba na iliniuma mpaka nikashindwa kumeza mate. Lakini nilikuwa nimekaa pembeni ya mtu aliyeliona jambo lile lote tangu asubuhi akiwa na ungo mkononi, na alipoona nimeinama alinifunika mabega kwa upande wa khanga yake bila kusema lolote. Yanga wengine walikuwa wanaruka juu ya mabenchi.

Siku mbili baadaye Simba waliachana na kocha wao, Robertinho. Baba alisoma habari hiyo gazetini, akalikunja, akasema mbele yetu sote, "Mama yenu alimfukuza tangu Jumapili saa sita." Shemeji alirudi wikendi iliyofuata na fundi, ubao na rangi, akalipa yeye, ingawa baba alitaka wachangie kwa kuwa kuutikisa kwake ule mguu kwenye goli la Kibu nako kulikuwa na sehemu yake katika kupasuka kwa dari.

Tangu hapo sinia hupitia jikoni kwanza. Kwa dabi ya tarehe 20 Aprili 2024 mama alipanga vikosi vyote viwili, cha kwake na cha baba, kwa haki, na Yanga wakashinda 2-1. Tarehe 8 Machi 2025 tulikuwa tumeshachora uwanja pale mechi ilipoahirishwa, na wachezaji wote wakaishia chunguni. Ilipochezwa hatimaye tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0, na baba akaanza kumwuliza mama kwa siri, usiku, Simba wamsajili nani.

Kwa hiyo ninyi mnaojifungia sebuleni kupanga kikosi huku mama, shangazi au bibi yuko jikoni na redio yake, mwiteni aje akae. Simba wenzangu hasa, nawaomba. Tunahitaji kila anayejua mpira.