Namna ya Kupindua Nchi kwa Neno Moja, Ukianzia Mlandege

Kwanza tafuta neno. Usiazime la Ulaya, litawakwaruza watu koo. Mwalimu Nyerere alisoma hadi Edinburgh, akarudi, na mwaka 1962 akatoa kijitabu chake juu ya ujamaa: neno la shangazi, mjomba na sinia moja la ugali. Nani atabishana na shangazi?

Likishakolea, litangaze. Azimio lilipitishwa Arusha, likatangazwa tarehe 5 Februari 1967, kesho yake benki zikataifishwa. Nawe kaza mwendo hivyo hivyo, wenye benki wasimalize chai.

Hapo pumzika Mlandege, mtaa wa Iringa mjini, uonje ulanzi, pombe ya mianzi. Ukigemwa asubuhi ni mtogwa, hata mtoto anakunywa. Ule ule ukilala kwenye dumu, kesho unamlaza mzee mtaroni, na hakuna aliyeutia kitu. Falsafa nayo huchachuka, ila yenyewe haitoi povu la kukuonya.

Tazama mwaka 1971. Chama cha TANU kilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kikamkataza kiongozi kiburi na dharau. Wafanyakazi viwandani wakakishika kama sala, wakaanza kuwagomea mameneja. Basi ukiandika mwongozo, angalia usije ukasomwa.

Sasa lipeleke wazo shambani, watu wahamie vijiji vya ujamaa walime pamoja. Kule Isimani, njia ya Dodoma, kulikuwa na watu waliolima mahindi kwa trekta. Mwenye trekta ukimwita jamaa anakukaribisha. Ukimwita kabaila anataka kujua: dizeli ulinunua wewe? Na chagua siku. Krismasi iache. Tarehe 25 Desemba 1971 mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alimfuata Said Mwamwindi shambani kwake. Wakatupiana maneno, Mwamwindi akachukua bunduki, akampiga risasi. Kisha akaupakia mwili kwenye gari, akauendesha mwenyewe hadi polisi Iringa mjini. Alihukumiwa kunyongwa.

Hata hivyo mpango wa vijiji haukusimama. Mwaka 1973 kuhamia kijijini kukawa amri, na mamilioni wakahamishwa, wengine kwa malori, wameshika kuku na milango ya nyumba zao.

Ukitaka kuuliza kosa lilianzia kwenye kijitabu au njiani, rudi Mlandege jioni. Msalimie mama muuza ulanzi, "Kamwene!", umwombe kikombe kimoja. Naye, kabla hajainua dumu, atakuuliza:

"Wa leo au wa jana, mwanangu?"