Barua ya Wazi kwa Seneti ya Chuo, Kuhusu Usafi wa Mikono ya Wahandisi

Waheshimiwa Wajumbe wa Seneti,

Baada ya salamu na taadhima inayowastahili watu wa majoho, mimi mkandarasi mdogo wa majumba, ambaye kwa takdiri ya Mungu huwapokea kazini wahitimu wenu wa uhandisi mara wamalizapo mahafali, nimeona si adabu kuendelea kunyamaza na shukrani zangu moyoni, ilhali kila mwaka mnaniletea vijana wenye mikono safi kiasi kwamba saruji yenyewe huona haya kuwagusa.

Hivi karibuni nilimkabidhi mmoja wao, kijana wa shahada ya daraja la kwanza na mwenye staha ya kupigiwa mfano, koni ya kupimia ulaini wa zege, nikamwomba aukague mchanganyiko kabla hatujamwaga nguzo. Akaitazama ile koni kama mtu aliyeletewa hiba asiyojua itumikavyo. Kisha, nilipomtajia jina la kipimo chenyewe, uso ukamkunjuka, akanisomea kwa ghaibu, bila kukwama, kwamba kimo chake ni milimita 300, kwamba zege hutiwa kwa tabaka tatu, na kwamba kila tabaka hushindiliwa mara 25 kwa ufito wa chuma wenye kipenyo cha milimita 16. Sikuwa na neno la kumsahihisha. Lakini alipoinama kuifanya kazi yenyewe alisahau kuikanyaga koni pale chini, ikainuka, zege likachuruzika, na kibarua wetu aliyeishia darasa la saba akaja akaweka miguu yake miwili panapostahili, wala hakusema kitu, maana naye amelelewa.

Msidhani nalaumu. Nimearifiwa kwamba karakana mnayo, tena pana, na kwamba ndani yake zimo mashine za kukereza chuma zilizositiriwa kwa turubai zisipatwe na vumbi wala na wanafunzi, ufunguo ukiwa kwa mtunza stoo na mtunza stoo akiwa likizo. Fauka ya hayo nimeambiwa kwamba jaribio la kuvunja boriti, ambalo kila mwanafunzi alipaswa kulifanya, hufanywa na fundi sanifu mmoja huku darasa zima limemzunguka, walio nyuma wakijifunza visogo vya walio mbele. Kisha matokeo hunakiliwa na wote, na wa mwaka unaofuata huyarithi katika madesa, hata boriti ile moja iliyovunjwa zamani imeendelea kuvunjika kila mwaka, kwa uzito ule ule na kwa desimali zile zile. Uthabiti wa namna hiyo katika sayansi ni nadra.

Wapo, kwa hakika, watu wa bidaa. Kule Denmark, chuo kikuu cha Aalborg kimeshikilia tangu kilipofunguliwa mwaka 1974 kwamba wanafunzi wapewe masuala halisi, wakae makundi makundi, na takriban nusu ya muhula waitumie kuyatafutia ufumbuzi. Lakini Denmark ni nchi ya baridi, na yamkini watu hushika nyundo wapate joto. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake huko Marekani walikusanya tafiti 225 za ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati, wakaona kwamba katika madarasa ya kusikiliza muhadhara tu waliofeli walikuwa karibu asilimia 34, na katika yale ambamo wanafunzi walishughulishwa walikuwa karibu asilimia 22. Seneti imefanya busara kutoufadhaisha mtaala kwa habari kama hizo. Na mtu asije akawakumbusha kwamba Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1973, kiliyahesabu mafunzo ya viwandani kuwa sehemu ya masomo. Nanyi pia mnayo, ila kwa baadhi ya wakandarasi wenzangu mwanafunzi hufundishwa kupanga mafaili na kuagiza chai, na daftari lake la kazi hutiwa sahihi zote siku ya mwisho, kwa kalamu moja.

Najua mtajibu kwamba fedha hakuna. Ni udhuru wa heshima, ingawa bei ya koni ile sidhani inazidi posho ya kikao kimoja cha kujadili kwa nini koni hazipo. Mimi nashuku sababu ni nyingine, na naisema kwa unyenyekevu: karatasi ina rehema, zege halina. Alama za mtihani husogezwa na kamati, jibu lililokosewa hupata nusu kwa kuwa mwanafunzi alionyesha njia. Bali boriti ikipasuka mahali isipotarajiwa, mbele ya darasa, mhadhiri hana budi kueleza imekuwaje, na huenda mhadhiri naye alisomea boriti ile ile ya madesa.

Kwa hiyo naleta ombi. Niandikieni waraka wenye muhuri wa chuo, nipate kuusoma mbele ya nguzo zangu kila tunapofungua mbao, ili zijue kwamba aliyezisimamia ana daraja la kwanza na ziwajibike ipasavyo. Au, ikiwa waraka huo utahitaji vikao vingi, waruhusuni wanafunzi wa mwaka wa kwanza wachanganye zege lao wenyewe, walimwage katika kalibu, walingoje siku 28, walivunje, waandike namba waliyoiona wao hata ikiwa ya aibu, na alama wapewe kwa kueleza aibu hiyo imetoka wapi, kwenye maji, kwenye mchanga au kwenye uvivu. Saruji nitaitoa mimi. Mifuko kumi ipo ghalani kwangu tayari. Nangoja tu kujulishwa mtunza stoo anarejea lini.

Wabillahi taufiki,

Mkandarasi wenu mtiifu