Fundi Akujibu: Rafu ya Dabodeka

Barua za Fundi wiki hii zimetoka Rongai. Ni Rongai ya Nakuru, yenye stesheni ya reli na mashamba ya mkonge, wala si Ongata Rongai ya Kajiado, ingawa moja ya huko ilipenya kama kawaida. Mwandishi wake analalamikia matatu zenye muziki wa kupasua masikio. Fundi anatengeneza vitanda. Barua hiyo ameiweka kando.

Mama Wawili wa Rongai mjini ana wavulana wawili, chumba kimoja na dabodeka ya mbao. Wa juu hulala na vitabu, tochi na kikombe cha chai. Juzi chai ilimwagikia wa chini, vita vikazuka saa nne usiku. Mama anauliza kama anaweza kumpigia wa juu karafu ka kuwekea vitu.

Anaweza, anajibu Fundi, ila kwanza ajue ni nani atakayekakanyaga. Vitabu havijawahi kuvunja rafu ya mtu. Mzigo wenyewe ni yule mwenye kilo thelathini na kitu anayeona ngazi iko mbali, akaamua kupandia hapo. Kwa hiyo rafu ikae upande wa kichwani, mbali na ngazi, na iwe juu kiasi kwamba mguu wa aliye chini hauifikii. Ubao wa 6 kwa 1 wenye urefu wa futi mbili unatosha, pamoja na kizuizi chembamba ukingoni ili kikombe kisiteleze. Upana ukizidi hapo, mtoto atapata kiti.

Msumari hapana. Mbao nyingi za saiprasi zinazouzwa kando ya barabara hufika zikiwa bado mbichi. Zikikauka husinyaa na msumari hulegea. Skrubu hushika vizuri zaidi, mradi tundu litobolewe kwanza kwa drili nyembamba, la sivyo ubao utapasuka mwishoni. Na skrubu ziingie kwenye nguzo ya kitanda, si kwenye ule ukingo wa kumzuia mtoto asianguke.

Kuhusu ukingo, Fundi hana mzaha. Kanuni za Marekani, zinazotumika tangu mwaka 2000, zinataka ukingo wa kitanda cha juu uupite uso wa godoro kwa inchi 5 au zaidi. Zinakataza pia mwanya unaozidi inchi 3 na nusu, kwa sababu mwili wa mtoto unaweza kupenya hapo kisha kichwa kikakwama. Anayetoa godoro la inchi 4 na kuweka la inchi 8 amejipunguzia ukingo kwa inchi 4 bila kushika msumeno. Basi mama apime kabla ya kupiga chochote. Na aliye chini ya miaka sita asilazwe juu, hata akilia.

Dereva wa Salgaa ameokota paleti kando ya barabara kuu na anataka kuwatengenezea wanawe rafu kama hiyo. Amechoka na bei ya mbao, ambayo anasema haijamhurumia tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018. Rais Ruto alitangaza mwaka 2023 kuiondoa marufuku hiyo, lakini dereva bado anaokota paleti. Fundi hamlaumu. Anamwomba tu autazame mhuri uliochomwa ubavuni. Ukisoma HT, mbao zilitibiwa kwa joto, zinafaa. Ukisoma MB, zilifukizwa kwa methili bromidi, sumu ya kuua wadudu, na hazistahili kukaa karibu na pua ya mtoto aliyelala. Paleti isiyo na mhuri wowote, au yenye madoa ya mafuta, iende ikafugiwe kuku... au hata kuku wahurumiwe.

Kapera wa Kampi ya Moto ndiye aliyemchekesha Fundi. Ana dabodeka ya chuma aliyoinunua mitumba, analala chini, na juu ameweka redio, beseni tatu, sanduku la bati la tangu sekondari na gunia la mahindi. Anauliza achomelee rafu upande gani.

Kaka, rafu unayo tayari, anajibu Fundi, tena ya futi tatu kwa sita. Kinachomsumbua Fundi ni gunia. Gunia la mahindi ni kilo 90, na linaning'inia juu ya kifua cha mtu kwa nguvu za vyuma ambavyo kapera mwenyewe anakiri vimeshika kutu kwenye viungo. Kuchomelea kitu kingine hapo kungeunguza rangi na kuikaribisha kutu zaidi. Gunia lishuke chini, liwekwe juu ya vibao viwili lisivute unyevu wa sakafu. Beseni ziende jikoni. Viungo vipigwe msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, halafu redio ibaki ilipo.