Mama Asha wa Wapi?

Leo saa mbili asubuhi mwalimu mkuu amenipigia simu bila hata salamu. "Kijana, huyu mtoto wa Kidato cha Pili kapata 94 Kiswahili, sawa. Hisabati 94? Fizikia 94? Juzi alikuwa na 18!" Nyuma yake nilisikia walimu wakicheka, mmoja akiuliza kama mtambo wangu wa matokeo unapandisha na mishahara.

Nilikuwa nimeombwa kitu kidogo tu: alama ya Kiswahili iliandikwa 49 badala ya 94, nigeuze.

Sasa, jedwali la matokeo lina mambo yake. Mwanafunzi mmoja ana mistari tisa, na Fizikia ina mistari ya darasa zima. Mpaka utaje namba ya mwanafunzi pamoja na somo, ndipo mstari mmoja utaitika. Ulizia Mama Asha mtaani kwetu, watatoka watatu. Sema Mama Asha muuza vitumbua, atatoka mmoja, anafuta unga mikononi. Hifadhidata inalijua hilo tangu zamani. Django, zana niliyojengea mfumo wa shule, ilitaka ufunguo wa kuutambua mstari uwe wa safu moja tu, basi nikaidanganya kwamba namba ya mwanafunzi inatosha. Ikakubali. Wakati wa kusoma mstari nilitaja somo, ikaniletea Kiswahili chenyewe. Wakati wa kuhifadhi safu ya alama peke yake ikalisahau somo, ikaagiza: weka 94 popote penye namba hii. Hifadhidata ikatii mara tisa, bila kunung'unika. Utii wa namna hiyo, kusema kweli, unapendeza ukiwa si wewe uliyeagiza.

Mwezi uliopita nilifuta alama ya Kilimo ya mwanafunzi mmoja, yakaondoka masomo yake yote; hiyo niliiwahi.

Kinachoniuma ni hiki. Ombi la ufunguo wa safu zaidi ya moja, namba 373, lilifunguliwa mwaka 2005, Django ikiwa ndiyo kwanza imetoka. Limejibiwa Aprili 2025, katika toleo la 5.2. Karibu miaka 20! Najua wengi wanaoijenga wanajitolea, nami sikuwasaidia hata nukta. Lakini jibu lenyewe ni nusu: katika toleo hilo ukurasa wa msimamizi unaukataa ufunguo huo, na jedwali jingine haliwezi kuuelekea kwa ufunguo wa kigeni. Mimi bado niko 4.2, na shule haina fedha ya kunihamisha.

Alama nimezirudisha kutoka kwenye nakala ya usiku. Ila baba wa mtoto alishaiona ripoti kwenye simu, na mbuzi ameshachinjwa.