Punguzo la Wawili

Hadi sasa nikikumbuka masikio yananiwaka moto. Nimesimama katikati ya behewa, watu wazima na watoto wao wamegeuza shingo kunitazama, mkoba wa kike umening'inia begani mwangu, na bwana mmoja mwenye kitambulisho kifuani ananiuliza kwa upole wa kutisha: "Na mwenzako yuko wapi?"

Mwenzangu alikuwa York. Mimi nilikuwa nimeshaiacha York, na treni ilikuwa ikizidi kuiacha.

Ili uelewe ukubwa wa aibu hii, sharti kwanza uielewe kadi. Waingereza wana kadi ya punguzo la nauli iitwayo Two Together. Mnalipa pauni 35, mnatoa picha zenu, na kwa mwaka mzima theluthi ya nauli inakatwa kila mnaposafiri. Hawaulizi kama nyinyi ni mke na mume, ndugu, au mahasimu mliopatanishwa jana. Wanachotaka ni kwamba kila mmoja awe ametimiza miaka 16, siku za kazi msipande kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, na muwe pamoja safari nzima. Kadhi akikuozesha hutaka walii, mahari na mashahidi, kisha anakuacha uende zako. Hawa hawataki chochote kati ya hivyo, ila wanakuja kuwahesabu njiani.

Aliyetununulia kadi ni shemeji yetu wa London, mtu ajuaye kila jambo la Uingereza isipokuwa namna ya kuipasha moto nyumba yake. Ndiye aliyenikalisha sebuleni, mimi na koti langu, akanisomesha elimu ya tikiti. Nakiri ilinivutia. Kiti ni kile kile, dirisha ni lile lile, lakini bei ni tatu. Kuna tikiti ya kukata mapema, rahisi kuliko zote, ambayo imefungwa kwenye treni moja tu, ya saa iliyoandikwa: ukiikosa, umebaki na karatasi. Kuna ya saa zisizo na msongamano, na saa zenyewe hubadilika kwa kutegemea njia na upande unaoelekea. Halafu kuna ya wakati wowote, ambayo bei yake inakufanya ujiulize kama treni nayo utaruhusiwa kubaki nayo.

Si hayo tu. Ukitoka mji A kwenda mji C, mara nyingine ni rahisi kukata tikiti mbili, A hadi B na B hadi C, ukakaa kiti hicho hicho bila kuinua hata kisigino. Ni halali kabisa, bora treni isimame B. Na ukiwa na ile tikiti ya mapema ya kwenda C, halafu ukashuka B kwa kuwa umependa mandhari, unaweza kudaiwa uongeze pesa kwa kosa la kusafiri kidogo kuliko ulivyolipia. Nilimwomba shemeji arudie. Akarudia. Tangu Sheria ya Reli ya 1993 ilipoligawa shirika lao la taifa vipande vipande, makampuni yalipewa njia za kuendesha, kila moja na nauli zake, na ingawa sasa serikali imeanza kuyarudisha mikononi mwake, mtego umebaki na nyuzi zake zote. Kuna watu huko wanaishi kwa kuuza programu za simu zinazotafuta njia ya kuupenya.

Basi tukafika York, tukalala, asubuhi tukaenda makumbusho ya reli. Kuingia ni bure, na ndani kuna joto. Wakati wa baridi hizo ni sifa mbili zinazotosha. Pale ndipo ilipowekwa Mallard, injini ya mvuke ya buluu iliyofikia maili 126 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, yaani kilomita 203, rekodi ambayo hakuna injini ya mvuke iliyoivunja hadi leo. Ubao hauoni haya kusimulia yaliyofuata: beringi ikapata moto, na bingwa wa dunia akafunguliwa kwenye mabehewa yake huko Peterborough. Mke wangu, Mama Salma, alivutiwa zaidi na upana wa reli. Ya kwao ni milimita 1,435. Ile waliyotutandikia kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901, ni 1,000. Akasema zile 435 zilizopunguzwa ndizo mjomba wake alizokuwa akizitafuta usiku kucha kwa magoti, akienda Nairobi daraja la tatu.

Treni ya Edinburgh ilipoingia tulipanda mapema, tukapanga mabegi, tukakaa. Mama Salma akaona kibanda cha chai pale jukwaani. "Baba Salma, dakika moja tu," akasema, akaniachia mkoba mapajani, akatoka na sarafu mkononi.

Milango ya treni za Uingereza ina tabia yake. Saa iliyoandikwa kwenye ratiba ni saa ya magurudumu kuzunguka, si saa ya abiria kupanda. Kabla yake milango yote hufungwa kwa pamoja, dereva huwashiwa taa ya kumhakikishia kwamba hakuna uliobaki wazi, na tangu hapo hata aje mfalme hafunguliwi. Hakuna kondakta wa kuning'inia mlangoni akipiga bati, hakuna "shusha!", hakuna dereva wa kumpigia mluzi. Nilimwona mke wangu upande wa pili wa kioo, vikombe viwili mikononi, mvuke ukimpanda usoni, kwa hiyo hakuwa hata na mkono wa kunipungia. Midomo yake nikaisoma vizuri. Alisema, "Mkoba!" Mimi alinisahau.

Ndani ya mkoba mlikuwa na simu yake na pasipoti yake. Tikiti zote mbili zilikuwa kwenye simu yangu. Yaani yeye alibaki na chai, na mimi nikabaki na kila kitu kingine cha ndoa isipokuwa mke.

Mkaguzi alifika kabla akili hazijanirudia. Akaisoma tikiti ya kwanza, akaisoma ya pili, akaomba kadi, akazitazama zile picha mbili, akanitazama mimi, akakitazama kiti kitupu, halafu akautazama mkoba. Nikaeleza. Akasikitika kwa dhati. Akaniomba radhi. Akasema ananielewa kabisa, na kwamba kwa kuwa nasafiri peke yangu kadi haifanyi kazi, na kwa kuwa kadi haifanyi kazi tikiti nayo haifanyi kazi, na kwa hiyo, samahani sana, bwana, mimi ni mtu asiye na tikiti mwenye tikiti mbili.

Njia hiyo ya kwenda Scotland husifiwa kwa mandhari yake. Kuna kanisa kuu la Durham juu ya kilima, lililoanza kujengwa 1093. Kuna madaraja ya mto Tyne pale Newcastle. Kuna daraja la Berwick lenye matao 28, lililofunguliwa na Malkia Victoria 1850, na baada yake bahari upande wa kulia. Yote hayo yalipita nyuma ya kiuno cha mkaguzi. Nimeiona Uingereza ya kaskazini kupitia pembetatu ndogo iliyokuwa kati ya kiwiko chake na mashine ya kukatia tikiti.

Kisha treni ikasimama porini. Sauti ikatoka juu, ikatuomba radhi: swichi ya reli imeganda mbele. Hapo nikapata elimu ya pili, kutoka kwa mama mmoja aliyekaa ng'ambo ya njia, aliyeonekana kufurahi kupata mgeni wa kumsimulia. Reli zao, aliniambia, kila msimu zina ugonjwa wake. Wakati wa majani kupukutika, magurudumu huyasaga majani yaliyolowa hadi yakawa utando mgumu unaoteleza, treni ikifunga breki inaserereka. Kwa hiyo hupitishwa treni maalumu za kuziosha reli kwa maji ya kasi. Na theluji nayo si theluji tu. Februari 1991 ilianguka ya aina kavu, laini kama unga wa sembe, ikapenya hadi ndani ya mota za umeme zilizozoea theluji ya majimaji. Shirika la reli likaeleza tatizo lilivyo, na magazeti yakachapa kwamba treni zimeshindwa kwa sababu theluji iliyoanguka siyo. Miaka imepita, na taifa zima bado linacheka.

Nilicheka naye. Lakini nikiwa bado nacheka, kijana aliyekaa mbele yangu alimwambia mkaguzi kwamba kadi yake ya punguzo imegoma kufunguka kwenye simu. Akaambiwa asijali, atulie, ajaribu tena baadaye. Mkaguzi hakurudi kumwuliza. Mimi, kadi yangu ikiwa imefunguka na picha yangu inaonekana, niliombwa pasipoti. Niliitoa. Akaipekua ukurasa kwa ukurasa hadi kwenye viza, kana kwamba ubalozi ndio uliokata tikiti. Haya siyachezei. Kanuni zikiwa nyingi kiasi kwamba hakuna awezaye kuzishika zote, anayezisimamia hubaki na hiari ya kuchagua nani wa kumbana nazo na nani wa kumwachia, na mgeni hujua jibu kabla hajaulizwa. Na kwa kuwa umeombwa radhi mara nne, huna hata pa kuanzia ugomvi. Nililipa bei kamili, pesa ambazo kwa daraja la kawaida zingenipeleka Nairobi kutoka Mombasa na kunirudisha zaidi ya mara moja, na nikasema asante. Asante! Ndicho kinachoniuma zaidi.

Edinburgh jua lilikuwa limezama kabla ya saa kumi. Juu ya stesheni ya Waverley kuna saa ya mnara wa hoteli ya Balmoral, ambayo kwa makusudi huwekwa dakika tatu mbele ili abiria wasikose treni, isipokuwa usiku wa kuamkia mwaka mpya, inaposema kweli. Niliikodolea macho kwa hasira ya mtu anayejua kwamba York nayo ilihitaji moja.

Treni iliyofuata ikaingia, Mama Salma akashuka daraja la kwanza. Mwanamke mmoja mfanyakazi wa jukwaani alimkuta amesimama na vikombe viwili, akamhurumia, akamwandikia kikaratasi, akampandisha bure bila kadi, bila tikiti, bila kitambulisho cha aina yoyote. Ndani akapewa biskuti. "Hawa watu wana roho nzuri sana," akaniambia. Sikumjibu. Nilimkabidhi mkoba wake.

Yaliyobaki ni machache. Glasgow ilinyesha. Bristol tuliona saa yenye mishale miwili ya dakika, mmoja wa London na mwingine wa Bristol yenyewe, kumbukumbu ya enzi ambazo kila mji ulikuwa na wakati wake hadi reli ilipoulazimisha kuuacha. Bath kuna maji ya moto ya nyuzi 46 yanayobubujika kutoka ardhini, nje kuna barafu, na kwenye hodhi za kale za Warumi kuoga ni marufuku. Kurudi London treni ilifutwa, tukapelekwa kwa basi, tukaombwa radhi.

Shemeji anasema tulikosea msimu. Ametualika kiangazi, kadi ikingali hai. Nimemwuliza kiangazi reli zao hupatwa na nini.

"Joto likizidi," akasema, "hupinda."